Kilindi cha Banio

"Hivi Mama Jesse, tangu lini Mmachame akala nyoka wa majini?"

Mzee Sifael aliuliza swali hilo akiwa upande wake wa ua, ameegemea mpini wa jembe, kofia kaisukuma nyuma. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kunadi vitu nje ya kanisa kila Jumapili, na sauti ile ilivuka migomba ikawafikia hata wasiohusika.

Winfrida alikuwa amechuchumaa uani, kisu mkononi, samaki wawili kwenye sinia.

"Shikamoo, mzee," alisema bila kuinua kichwa. "Siyo nyoka. Ni samaki."

"Marahaba, mwanangu. Ana miguu?"

"Hana."

"Ana manyoya?"

"Jamani mzee, samaki awe na manyoya?"

"Basi. Kitu hakina mguu, hakina unyoya, kinakwenda kwa tumbo. Nyie kwenu Sanya Juu mnakiitaje?"

Akacheka peke yake, akarudi kwenye kahawa yake akiendelea kucheka.

Ndani, mama mkwe wa Winfrida, Bibi Eliaichi, aliyasikia yote. Alikuwa karibu na mlango akichambua maharage. Aliinuka tu, akachukua sufuria yake ya maziwa kutoka jikoni, akaenda kuiweka chumbani kwake. Tangu mwanawe aanze kuleta samaki nyumbani, bibi alikuwa na sufuria yake, kijiko chake na mahali pake pa kukaa ambapo harufu haifiki. Hakumkataza mtu. Alikuwa akihama tu.

Godwin mwenyewe hakuwepo. Siku hizi alikuwa mtoni, au njiani kwenda mtoni, au amesimama getini akitazama simu. Miaka yote alikuwa mpagazi, akiwabebea wageni mizigo mlimani, mpaka goti lilipovunjika kwenye mawe wakati wa kushuka. Goti lilipona kwa kutembelea. Kwa kubeba halikupona, na kampuni ikaacha kupiga simu. Aliyepiga simu sasa ni rafiki yake wa machimboni. Njoo, alimwambia, kuna kazi ya kuchekecha mchanga, wanachukua watu mpaka mwisho wa mwezi.

Winfrida alikuwa na kaka aliyekwenda machimboni. Alishuka shimoni asubuhi moja, na waliomrudisha nyumbani walileta sanduku ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Kwa hiyo kila samaki aliyeletwa na Godwin, Winfrida alimpokea kwa mikono miwili. Mume mwenye samaki ni mume ambaye bado yuko nyumbani.

&nbsp;

Ushauri wa kumpeleka samaki kanisani hakuutoa Winfrida. Aliukataa kabisa.

"Watakucheka," alisema.

"Mama analeta maziwa, Mzee Eliufoo analeta mkungu. Mimi nimepewa samaki. Nitoe nini, mawe?"

"Toa hata sarafu, Baba Jesse."

"Sina sarafu."

Huku kwetu asiye na fedha huleta alichonacho: mayai, ndizi, kuku, chupa ya maziwa. Ibada ikiisha, watu husimama nje na vitu vinanadiwa, na fedha inayopatikana ndiyo sadaka. Ni jambo la furaha. Watu hucheka, hupandishiana bei kwa utani, na mzee mnadi hutania kila mtu sawasawa. Godwin alimfunga samaki wake kwa jani la mgomba, samaki mzuri, mgongo wa kijani na madoadoa ubavuni kama punje za ulezi, akamweka mezani kati ya trei la mayai na boga.

Mzee Sifael aliuza mayai. Akauza boga. Akauza jogoo ambaye alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena. Halafu akafunua jani la mgomba, akalifunika tena haraka.

"Washarika," alisema. "Hapa tuna mnyama wa Bwana Godwin."

Watu walianza kucheka kabla hawajaona.

"Nani ananianzishia? Elfu? Mia tano? Haya, nani anasema mia tano?"

"Mzee, mpeleke kwa paka!" alipaza sauti mama mmoja wa kwaya.

"Paka gani? Paka wa huku naye ni Mlutheri, anakunywa maziwa!"

Hapo kicheko kilipasuka. Godwin alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, mikono nyuma, akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Winfrida alimwona akihamisha uzito kutoka mguu mzima kwenda mguu mbovu, na kurudi, na kwenda tena.

"Elfu tatu," Winfrida alisema.

Kicheko kikapungua. Zilikuwa fedha za maziwa ya wiki, za chumvi na sabuni.

"Mama Jesse," alisema Mzee Sifael, sasa kwa sauti ya chini kidogo, "unanunua kilichotoka kwako?"

"Ni sadaka, mzee. Nimeshataja bei. Piga."

Akapiga. Lakini mnadi hapendi watu waondoke wameinamisha vichwa, kwa hiyo akatafuta utani wa kufungia. "Ila wewe Godwin! Jumapili ijayo ukituletea tena, mimi mwenyewe nitapanda huko mtoni niwamalize hao nyoka wako wote!"

Hata mchungaji alifunika mdomo kwa Biblia.

&nbsp;

Kicheko kile kiliteremka mpaka Moshi mjini. Kijana mmoja wa pale kijijini alikuwa akifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akawasimulia wenzake juu ya samaki aliyenunuliwa na mke wa mwenyewe. Wenzake walicheka mpaka wakashika mifuko ya saruji. Mwenye duka, Paresh, hakucheka. Alitoka nyuma ya kaunta.

"Huyo samaki alikuwa na madoadoa?"

Katikati ya wiki akapanda na gari lake. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mzaliwa wa Moshi, na alimsalimia Bibi Eliaichi kwa shikamoo iliyonyooka kabla hajataja shida yake.

"Mimi nimevua sana, Godwin," alisema wakiwa njiani kupanda. "Bwawa la Nyumba ya Mungu nimevua, perege mpaka nikachoka. Ziwa Chala nimeshuka ule ukuta wake wa mawe, kupanda nikalia. Kule Jipe kambare walinikatia uzi. Lakini trauti wa mlima huu nilisimuliwa na marehemu baba tu. Wazungu wa mashamba waliwaleta zamani, wakawamwaga mitoni. Mimi nilijua wamekwisha."

"Hawajaisha. Wamehamia juu, kwenye baridi."

"Na nyie hamkuwala."

"Nani angewala?" Godwin akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Wazee wanasema ni nyoka."

Alimwonyesha pahali pa kwanza, chini ya daraja la magogo, palipo na kivuli. Akamwonyesha pa pili, kwenye kona ya mawe mawili, ambapo maji yanapiga jiwe yanarudi nyuma na samaki hukaa pale pembeni wakisubiri kuletewa chakula. Pa mwisho palikuwa kilindi cha banio. Hapo ndipo mababu walipoziba mto kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba ili maji yaingie kwenye mfongo, ule mfereji unaonywesha vihamba vyote vya chini, mashamba ya migomba na kahawa ya kila nyumba. Jioni banio hufungwa, maji yanapanda usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa. Kwa hiyo pale juu ya banio pamekuwa kilindi, kijani, baridi ya kuuma meno, na samaki wamesimama ndani yake vichwa vikielekea mlimani kama watu walio kwenye ibada.

Paresh aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akaunga fimbo yake, akafunga ndoano yenye kinyoya kilichofanana na nzi, akairusha. Samaki alipokamata, yule mzee wa mjini alipiga kelele kama mtoto. Alimvuta, akalowesha mikono, akamshika, akamgeuza upande na upande. Kisha akamrudisha majini.

Godwin alitoa macho. "Mbona unamwachia?"

"Nimeshamwona."

"Umepanda mlima wote huu kumwona tu?"

"Sikia, rafiki yangu. Nikimla, nimekuja hapa mara moja. Akibaki, nitakuja mpaka nife."

Waliketi juu ya mawe. Paresh akasema ana marafiki wawili wenye kambi ya wageni, na wageni wengine hawataki kupanda mlima, wanataka mahali pa kuvua kwa utulivu. Angewaleta Jumamosi. Habari ya kibali angeishughulikia mwenyewe, na wazee wa mfongo angewafuata kwa heshima. Wakipenda, wangemlipa Godwin mshahara wa kila mwezi.

"Wa kubeba nini?"

"Hakuna kubeba. Kutunza mto na kuwaonyesha watu samaki wanakaa wapi." Paresh akakunjua uzi. "Nina sharti moja tu. Pasiwe na ugomvi. Nimeshaona sehemu nyingine, watu wanakosana, mmoja anamwaga sumu, basi, kwisha habari. Mgeni harudi mahali penye chuki, na mimi siwezi kumleta."

"Hapa hakuna ugomvi," Godwin alisema.

Siku ile alikula mtori akiwa amesimama. Alimweleza mkewe, akatoka nje, akarudi, akamweleza tena. "Mshahara, Mama Jesse. Hapa hapa nyumbani. Nampigia yule jamaa wa machimboni namwambia aendelee bila mimi."

"Subiri Jumamosi ipite," Winfrida alisema, lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu vikombe.

&nbsp;

Ijumaa Winfrida alifagia ua mara mbili. Aliazima vikombe, akafua kitambaa cha meza, akapanga viti chini ya dirisha, akaona havikai vizuri, akavipanga upya. Katikati ya hayo Bibi Eliaichi akatoka na kinu na gunia la majani ya utupa, dawa ya kupe ya ng'ombe wake Neema.

"Mama, hapana, nakuomba," Winfrida alisema. "Leo Neema usimwogeshee hapa uani. Hayo majani yananuka, na maji yake yanaacha tope. Kesho wageni watakaa hapa hapa."

"Kupe hawajui wageni. Angalia masikio ya ng'ombe yalivyo."

"Basi mpeleke huko juu kwenye maji, mama. Hapa nimeshafagia."

Alisema hivyo akiwa ameinama na ufagio wake. Hakuona uso wa mama mkwe wake.

Majani ya utupa bibi aliyachuma siku zote kwenye mpaka wa Mzee Sifael, kwa ruhusa yake, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa ameyapanda pale jirani kufukuza fuko kihambani. Aliyatwanga, akayaloweka kwenye ndoo, akamfungua Neema. Bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Zamu yao ya mfongo ilikuwa bado. Maji ya uhakika yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye banio, na huko akaenda, ndoo kichwani, ng'ombe akimfuata kama mtoto.

Alimpaka Neema dawa kuanzia masikio mpaka chini ya mkia. Alimsuuza kwa maji mengi, mkebe baada ya mkebe, kama Winfrida alivyokuwa akifagia, kwa bidii ya mtu anayetaka kitu kitakate. Mwisho akamwaga masalia ya ndoo, akasuuza gunia ndani ya kilindi, akalikung'uta juu ya mawe. Alimshukuru Mungu kwa maji na kwa ng'ombe. Alijua utupa unaua kupe. Alijua unaua fuko. Watu wa ziwani wanajua na la tatu. Yeye alizaliwa na kuzeekea mahali ambapo samaki hakuwa chakula wala habari, na katika maisha yake yote alikuwa hajamtazama samaki hai hata mara moja.

Jioni banio likafungwa kama kawaida, na maji yakatulia.

&nbsp;

Jumamosi ilianza vizuri. Darajani mgeni mmoja alipata samaki. Kwenye mawe mawili walipata wote, wakawa wanataniana kwa Kiingereza na Kiswahili, na Paresh akawa anampigapiga Godwin begani. "Bado," Godwin alisema. "Hamjaona kitu bado. Njooni niwaonyeshe nyumba yao."

Alitangulia. Goti lilimuuma na hakulisikia. Alipofika juu ya banio akasimama, na waliokuwa nyuma yake wakadhani anapumzika.

Matumbo ya samaki yalikuwa juu, meupe. Walikuwa wamejazana kwenye vigogo vya migomba, wakubwa kwa wadogo, wengine midomo bado inafumbuka kidogo kidogo. Mgeni mmoja akaanza kufungua fimbo yake na kuirudisha mfukoni, kipande kimoja kimoja.

Godwin alizunguka kilindi akitazama chini. Juu ya mawe akaokota majani yaliyotwangwa, akayanusa.

"Utupa," alisema. "Huu utupa uko kwa mtu mmoja."

"Godwin," Paresh alisema, "ngoja kwanza."

Hakungoja. Aliteremka mlima akikimbia, kama goti lile lilivyoweza kukimbia, na majirani waliomwona akipita walimfuata kwa nyuma.

Mzee Sifael alikuwa akipogoa kahawa. Wajukuu wake walikuwa pale.

"Wewe Sifael!"

Si mzee. Si baba. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wasimame njiani.

"Umewamaliza! Si ulisema utawamaliza? Si ulisema mbele ya kanisa zima? Haya, wamekufa wote, furahi! Mchawi mkubwa wewe, roho mbaya, umeona mtoto wa mwenzako anataka kupata ukaumwa!"

"Godwin," mzee alisema. "Mimi nilibeba jeneza la baba yako."

"Na mimi umenizika!" Godwin akamrushia yale majani. Yalikuwa yameloa, yakabaki yamenata kwenye shati la mzee, kifuani.

Mzee Sifael aliyatazama. Akavua kofia, sijui kwa nini, akaishika kwa mikono miwili. "Nilitania, mwanangu," alisema. "Nilitania tu." Kisha akawasukuma wajukuu ndani mmoja mmoja, akaingia, akafunga mlango.

Winfrida aliyaona yote kutoka kwenye ua wake uliofagiliwa. Alipoliona jani lile la kwanza alijua, palepale. Alifungua mdomo. Lakini wageni walikuwa wakiteremka, na mumewe alikuwa akilia mbele ya watu, na neno halikutoka.

Hakuna aliyekunywa chai. Wale wawili waliingia garini. Paresh alibaki kidogo amesimama getini.

"Nitakupigia kesho jioni," alimwambia Godwin. "Kama ni bahati mbaya, mto unajirudi. Wale wa juu watashuka, mwakani pale patajaa tena, na daraja na mawe mawili bado yapo. Kama ni vita vya majirani, utanisamehe, mimi sileti mtu. Wewe niambie ukweli tu."

&nbsp;

Bibi Eliaichi alikuwa kwenye maombi ya wanawake. Alirudi mchana, akasimuliwa na watu watatu kabla hajafika getini. Hakula siku ile. Alikwenda bandani kwa Neema, akakaa huko, na Winfrida alipompelekea uji aliupokea, akaushika mpaka ukapoa. Walitazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake anajua.

Jumapili, mahali pa Mzee Sifael kwenye benchi la mbele palikuwa wazi. Mnada uliendeshwa na mtu mwingine asiyejua kutania. Vitu vilinunuliwa kimya kimya, bei za chini, watu wakaenda makwao.

Godwin hakwenda ibadani. Winfrida na bibi waliporudi walimkuta amefunga begi lake, lile la mlimani, limekaa kando ya mlango. Mwenyewe alikuwa akitembea kutoka dirishani mpaka mezani.

"Keti, mwanangu," mama yake alisema.

"Nasikia nikiwa nimesimama."

"Ni mimi. Nilimwogesha Neema pale banioni. Utupa ni wangu, nilichuma mimi."

Alisema hivyo tu. Hakusema nani alimtuma. Godwin alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni.

"Mama, si ulikuwa unamwogeshea hapa uani siku zote? Kilikupeleka nini kule juu?"

Winfrida alikuwa bado na kitenge cha kanisani, Biblia mkononi.

"Mimi ndiye niliyempeleka," alisema. "Nilimwambia asinichafulie ua. Nilitaka wageni wako wakute pasafi."

Godwin akacheka, kicheko kibaya. "Basi nyumba nzima imenisaidia." Akaenda dirishani, akarudi. "Na jana mlikuwa wapi? Mama Jesse, ulikuwa umesimama pale! Mbona hukunishika mdomo?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilikuogopa wewe."

Godwin alirudi nyuma hatua moja. Akashika ukingo wa meza. Halafu akaanza kusema upesi upesi, akipanga maneno kama mtu anayepanga mizigo.

"Sikilizeni. Hakuna aliyeona. Sifael ameshasemwa, nusu ya kijiji imeshaamini. Paresh akipiga, namwambia ni yule mzee, wazee wa mfongo wamemtoza faini, amekoma, ugomvi umekwisha. Ndiyo. Nitamwambia umekwisha. Akikubali, nabaki. Akikataa, begi lile pale, kesho niko machimboni."

"Na Sifael?" mama yake aliuliza.

"Sifael alinicheka kanisa zima!"

"Alikucheka. Leo hakuja kanisani."

"Atakuja Jumapili ijayo."

"Na nyumba hii atasimama kuitazama kila asubuhi kutoka kwenye kahawa yake. Wewe utapita wapi?"

"Mama, unataka nifanye nini? Nikamwangukie? Baada ya yale maneno? Wajukuu wake wote walisikia. Bora machimbo."

Winfrida aliketi ghafla kwenye kiti alichokipanga kwa ajili ya wageni. "Usiseme hivyo," alisema. "Sema chochote, hilo usiseme."

Bibi Eliaichi alitoka. Walimsikia kwenye ua wa nyuma, kwenye mpaka ambako mume wake alipanda mimea ya sale siku walipooana, na ambako yako makaburi ya wakwe zake. Alirudi na majani mawili marefu, kila moja limefungwa fundo katikati. Watoto wa siku hizi hulipita sale wakidhani ni ua la kupendezesha. Lakini mkubwa yeyote wa mlimani anajua: ukimkosea mtu, unafunga fundo jani la sale, unampelekea mkononi. Aliyeletewa hawezi kulikataa, hata kama moyo wake unakataa. Na anayepeleka hawezi kutuma mtu.

Aliyaweka mezani, kati ya vikombe vya kuazima ambavyo havijarudishwa. Akachukua moja.

"Hili ni la mfongo," alisema. "Naenda kwa Mzee Eliufoo, mkubwa wa mfongo. Niliwachafulia watu maji wanayokunywa. Wakinitoza mbuzi, nitatoa mbuzi."

"Mama, watakusema kijiji kizima."

"Watanisema. Ni mimi." Akajifunga kanga yake vizuri kichwani. "Hilo lingine siwezi kukubebea, mwanangu. Mimi sikumtukana mtu."

Akatoka. Waliona kanga yake ikipita kati ya migomba, taratibu, ikapotea kwenye njia ya juu.

Jua lilikuwa limeshuka. Godwin aliliinua begi, akajaribu uzito wake kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, akalitua. Akaenda dirishani. Nyumba ya Mzee Sifael ilikuwa na moshi jikoni lakini mlango umefungwa, na jembe liliachwa palepale kwenye kahawa, limelala. Akarudi mezani. Winfrida alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakumsaidia kwa neno lolote.

Simu ikaanza kuita. Ilikuwa juu ya meza, kando ya jani, ikitetemeka mpaka vikombe vikawa vinagongana kidogo, jina la Paresh likiwaka. Godwin aliitazama. Mdomo wake ulikwisha kujipanga kwa uongo ule. Akanyoosha mkono, ukafika juu ya simu, ukasita, ukapita. Akachukua jani. Alilipita begi lake pale mlangoni, akatoka akichechemea kuelekea kwenye ua wa jirani, simu ikiendelea kuita.